Je, Mgeni Anayeonjeshwa Anadaiwa Ukweli?

Swali ninalolijadili katika insha hii ni dogo kwa umbo, lakini sidhani kama kuna mwenzangu darasani ambaye hajawahi kukutana nalo. Mtu ametengeneza kinywaji kwa mikono yake. Amekukaribisha kwake, amekumiminia bila malipo, na sasa amesimama mbele yako akikutazama usoni. Anauliza, "Mnakionaje?" Wewe umeonja, na hukukipenda. Je, unadaiwa kumwambia ukweli? Au adabu ya mgeni inakuruhusu, pengine hata inakulazimisha, useme ni kizuri?

Hapa Kigali swali hili si la kubuni. Wako watu wanaotengeneza divai kwa ndizi, nanasi na matunda mengine katika viwanda vidogo, wakaijaza kwenye chupa na kuiuza madukani. Baadhi yao, divai mpya inapokuwa tayari, huwaita majirani, wateja na marafiki waje kuionja. Meza huwekwa uani, chupa hupangwa, vikombe vidogo huzungushwa. Hakuna anayelipa. Msomaji asiyekunywa pombe kwa sababu ya dini au afya anaweza kuweka kahawa, sharubati au keki ya jirani mahali pa divai, na hoja itabaki ileile.

Msimamo wangu ni kwamba mgeni anadaiwa ukweli. Lakini deni hilo lina mipaka na lina namna yake ya kulipwa, na mwenyeji naye ana wajibu wa kulifanya lilipike. Nitaanza na desturi yetu ya kuonja, kisha nitazijibu hoja tatu za wale wanaosema kwamba mgeni hana deni lolote zaidi ya shukrani.

Urwagwa, pombe ya ndizi ya Rwanda, ni ndugu wa mbege ya Wachaga, rubisi ya Wahaya, tonto ya Uganda na kasiksi ya mashariki mwa Kongo. Ndizi hufukiwa shimoni siku kadhaa hadi ziive, hukamuliwa kwa msaada wa majani, maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha huachwa yachache kwa siku moja hadi tatu. Pombe hiyo haikai. Baada ya siku chache huelekea kuwa siki. Kwa sababu hiyo kila pombe ilikuwa mpya, na kila mpya ilihitaji kuonjwa. Kinyarwanda kina kitenzi chake kwa tendo hilo, gusogongera, yaani kuonja kinywaji kabla ya kunywa.

Desturi inajulikana: mwenyeji huonja kwanza, mbele ya macho ya wageni, ndipo awape. Wazee hueleza kwamba hufanya hivyo kuonyesha kuwa hakuna sumu. Maelezo hayo ni sahihi, ila naona ndani yake kuna jambo ambalo hatulitafakari vya kutosha. Mwenyeji angeweza kusema tu, "Kunyweni, ni salama." Hasemi hivyo, au hatosheki na kusema hivyo. Anatanguliza mwili wake. Neno lake kuhusu kile kinywaji limekwisha kuthibitishwa kabla ya kikombe kumfikia mgeni. Kuonja katika mila hii kunaanza na ushahidi wa kweli unaotolewa na yule anayekaribisha, tena ushahidi unaoweza kumgharimu.

Sasa nauliza: mwenyeji akishatoa ushahidi wa namna hiyo, mgeni atoe nini? Ikiwa mmoja amekubali kuhatarisha uhai wake ili mwenziwe asidanganyike, je, ni haki huyo mwenziwe akatae hata usumbufu wa dakika moja, ule wa kusema, "Samahani, hiki hakijakaa sawa"? Mimi naona mizani imelala upande mmoja. Mgeni wa aina hiyo amepokea ukweli na kurudisha maneno matamu.

Hata hivyo tusiharakishe. Kikombe cha kuonjesha kina vitu viwili ndani yake. Kwanza ni zawadi, kwa sababu mwenyeji ametoa mali yake bila malipo. Pili ni sampuli, kwa sababu ametoa kidogo ili ajue watu watasemaje kuhusu kingi kilichobaki. Zawadi inadai shukrani. Sampuli inadai hukumu. Haya ni madeni mawili tofauti, lakini lugha zetu zina neno moja jepesi linaloonekana kuyalipa yote kwa pamoja: "nzuri". Mgeni anayesema "nzuri" akimaanisha "asante" hana ubaya moyoni. Tatizo ni kwamba mwenyeji anaweza kulisikia neno hilo kama hukumu, akaenda nalo sokoni.

Tofauti hii hutusaidia kujua lini deni la ukweli halipo. Harusini, pombe inapopitishwa kwa wakwe, hakuna anayeuliza ladha yake ili airekebishe. Bibi anayemimina urwagwa kwa wajukuu waliotoka mbali hafanyi utafiti wa soko. Hapo kikombe ni zawadi tupu, na "nzuri sana, bibi" ni shukrani ambayo kila mtu anaielewa. Anayeanza kuhesabu kasoro mahali kama hapo si mkweli kuliko wengine. Ni mtu asiyejua alichoulizwa. Lakini uani kwa mwenye kiwanda, siku ya kuonjesha divai mpya, tumeitwa kwa jina la sampuli.

Nilishuhudia jambo hili mwaka jana. Mama mmoja wa makamo, anayetengeneza divai nyumbani kwake pembezoni mwa jiji, alituonjesha aina tatu mpya: ya ndizi, ya nanasi, na ya ndizi iliyochanganywa na rosela. Wageni tulikuwa kama ishirini. Kila aina ilipozunguka, zilisikika sauti zilezile: "Nzuri sana, mama. Hongera." Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na siku hiyo upya ulikuwa unapendeza kuliko vilivyomo kikombeni. Ilipofika ile ya tatu, mzee mmoja jirani aliizungusha mdomoni, akanyamaza, kisha akasema kwa utaratibu, "Mama, asante kwa kutukaribisha. Hii ya mwisho inaanza vizuri, lakini inaishia kwenye siki. Pipa lake lilifungwa vizuri?" Watu walitazama chini. Mama naye alikaa kimya kidogo, akaingia ndani, akarudi na chupa nyingine kutoka pipa lilelile. Akaonja mwenyewe, akampa mzee. Walikubaliana. Divai ikipata hewa kwa muda, bakteria huigeuza kileo chake kuwa asidi ya siki; jambo hilo linajulikana kwa kila mtengenezaji. Baadaye alituambia kwamba wiki iliyofuata alikuwa amepanga kujaza chupa za pipa zima.

Tuhesabu waliohusika na neno la yule mzee. Yuko mama mwenyewe, ambaye angelipia chupa, vizibo na lebo kwa divai inayoharibika. Wako wateja ambao wangenunua chupa moja na wasirudi tena. Wako wakulima wanaomuuzia ndizi, ambao kipato chao kinafuata jina lake. Hawa wote hawakuwa na kikombe mkononi siku ile, lakini maneno yetu uani yalikuwa yanaamua sehemu ya maisha yao. "Nzuri sana" zetu zote, pamoja na upole wake, hazikuwa zinamsaidia yeyote kati yao.

Nije sasa kwenye hoja za upinzani. Hoja ya kwanza inasema kwamba katika mambo ya ladha hakuna ukweli wa kudaiwa. Kila mtu na ulimi wake. Ikiwa mimi siipendi rosela na wewe unaipenda, hakuna kati yetu anayesema uongo, kwa hiyo mgeni anayesifu hawezi kushitakiwa kwa kudanganya.

Mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, aliishughulikia hoja hii katika insha yake kuhusu kipimo cha ladha, iliyochapishwa mwaka 1757. Alikumbusha kisa kutoka kwa Cervantes, kwenye sehemu ya pili ya Don Quixote ya mwaka 1615. Sancho anasimulia kuhusu ndugu zake wawili walioitwa kuonja divai ya pipa moja. Mmoja alisema ni njema, ila ina dalili ya ngozi. Wa pili alisema ni njema, ila ina dalili ya chuma. Watu waliwacheka wote wawili. Pipa lilipokwisha, ndani yake ukakutwa ufunguo mzee uliofungwa kwa ukanda wa ngozi.

Kisa hiki kinatutenganishia mambo mawili ambayo hoja ya kwanza inayachanganya. Kupenda ni kwangu. Kilichomo kipo kikombeni. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba nakosea kutoipenda rosela. Lakini siki ikiwamo, imo, hata kama wageni kumi na tisa hawakuitaja. Mgeni hadaiwi kugeuza mapenzi yake kuwa sheria kwa wengine. Anadaiwa kusema alichokikuta. Kwa hiyo "siipendi" si jibu zuri kwa mwenye kiwanda, kwa sababu halimwambii chochote kuhusu pipa lake. "Inaishia kwenye siki" ni jibu, kwa sababu anaweza kwenda kulichunguza.

Hoja ya pili ni ya desturi. Inasema kwamba kila mtu anajua "nzuri" ya mgeni ni adabu tu. Pasipo na anayeamini, hakuna anayedanganywa. Immanuel Kant, ambaye anajulikana kwa ukali wake dhidi ya uongo, aliyagusa haya katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1797. Aliuliza kama ni uongo kumaliza barua kwa kujiita mtumishi mtiifu wa mtu ambaye si bwana wako, akaeleza kwamba maneno hayo hayamdanganyi yeyote. Kisha akauliza jambo lililo karibu sana na letu: mwandishi anamuuliza msomaji wake kama amekipenda kitabu chake. Msomaji anaweza kukwepa kwa mzaha, lakini si kila mtu ana mzaha tayari mdomoni, na kusitasita kidogo tu mwandishi atakuona ni tusi. Je, aruhusiwe kusema kile anachotarajiwa kusema? Kant aliliacha swali hilo wazi kwa wasomaji wake.

Mimi nathubutu kulijibu kwa upande wa divai. Mfano wa barua una nguvu kwa sababu pande zote mbili zinajua kanuni ya mchezo. Mwandikiwa hatakuja kesho kukuagiza ufagie uwanja wake. Lakini mwenye kiwanda hana namna ya kujua ni "nzuri" ipi ya adabu na ipi ya kweli. Zote zina sauti moja na tabasamu moja. Tena ana kila sababu ya kuziamini, kwa kuwa ndicho anachokitamani. Desturi inaweza kuondoa uongo pale tu ambapo wote wawili wanaisoma kwa namna moja. Mmoja akiisoma kama adabu na mwingine akaiandika kwenye hesabu za biashara, mtu amedanganyika, hata kama hakuna aliyekusudia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo inahusu heshima. Katika malezi yetu kijana hamkosoi mkubwa mbele za watu, na mgeni hamwaibishi mwenyeji nyumbani kwake. Mtu anayesema ukweli wake wote popote alipo hasifiwi kwa ukweli. Anaitwa mkavu wa macho. Ikiwa ukweli utavunja udugu wa majirani, je, siki ndani ya divai ina thamani kiasi hicho?

Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii, lakini naona inazungumzia namna ya kusema, wala haifuti wajibu wenyewe. Tumtazame tena yule mzee. Alianza kwa kulipa deni la zawadi: alishukuru. Akataja kilicho chema: inaanza vizuri. Akaeleza alichokikuta, bila kumhukumu aliyetengeneza. Akamaliza kwa swali, ambalo lilimwachia mama nafasi ya kuwa mtaalamu katika kazi yake mwenyewe. Mwanafunzi kama mimi, aliye mdogo kwa umri, angeweza kungoja wageni wapungue, akasema pembeni, "Mama, naomba nikuulize kuhusu ile ya tatu." Heshima inatuchagulia mahali, wakati na maneno. Ikitumika kama sababu ya kunyamaza moja kwa moja, huwa imeacha kumhudumia mwenyeji na kuanza kumhudumia mgeni, asije akajisikia vibaya.

Ipo hali moja ambapo hata kungoja pembeni hakutoshi. Mgeni mwenzako akikugeukia na kukuuliza, "Ninunue katoni ya hii?", naye sasa anakudai. Hujaitwa kutangaza kasoro kwa mkutano mzima, lakini huwezi kumpa yeye "nzuri" uliyoitoa kama asante kwa mwenyeji.

Nchi yetu ina mfano mkubwa wa faida ya kuambiwa. Mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya kahawa ya Cup of Excellence. Katika mashindano hayo waonjaji hupewa vikombe vyenye namba tu. Hawajui kahawa ni ya nani wala imetoka kilima gani. Huvuta kahawa kwa kijiko, huitema, huandika alama zao, kisha ndipo hujadiliana. Waonjaji wa kahawa ya Rwanda wamekuwa wakikutana na kasoro inayoitwa ladha ya kiazi: kikombe kinachonuka kama kiazi kibichi kilichomenywa. Punje moja tu inatosha kuharibu kikombe kizima. Wangeweza kuinyamazia kwa kuwahurumia wakulima. Waliitaja. Watafiti wakaihusisha na mdudu aitwaye antestia anayetoboa tunda la kahawa, na katika vituo vya kuoshea kahawa watu huelea matunda majini na kuyachambua kwa mkono ili kuyaondoa yaliyotobolewa. Kahawa ya Rwanda imepata jina duniani huku kasoro yake ikizungumzwa hadharani.

Zile namba kwenye vikombe zinatufundisha pia wajibu wa mwenyeji. Anayeuliza "Mnaionaje?" huku akisimama mbele ya mgeni na chupa mkononi amemfungia mlango wa kujibu. Anayetaka ukweli aurahisishe. Afunike lebo. Aweke kijikaratasi na kalamu mezani. Aweke divai ya mtengenezaji mwingine katikati ya zake bila kusema ni ipi. Aulize, "Ipi kati ya hizi hutaimaliza?" badala ya "Si nzuri?" Mwenyeji asiyefanya lolote kati ya haya ameomba sifa, hata kama anaamini ameomba hukumu, na lawama ya uongo unaofuata si ya mgeni peke yake.

Lazima pia niweke mpaka kwa upande wa mgeni. Ulimi si maabara. Desemba 2021 watu kadhaa walipoteza maisha Kigali na Bugesera baada ya kunywa pombe yenye sumu, na sumu si lazima ijulishwe na ladha. Mwonjaji mkweli hasemi zaidi ya anachokijua: anaweza kushuhudia siki au harufu ya kuungua, lakini hawezi kushuhudia usalama. Kazi hiyo ni ya wapimaji wenye vyombo na mamlaka ya viwango. Kumwambia mwenyeji au mnunuzi "hii haina neno" kwa sababu tu imeteremka vizuri kooni ni kutoa ushahidi usio nao, na huo nao ni aina ya uongo.

Kwa kuhitimisha, mgeni anayeonjeshwa divai mpya anadaiwa mambo mawili, shukrani na ushahidi, na moja halilipi lingine. Pale kikombe kinapokuwa zawadi tupu, shukrani inatosha. Pale kinapokuwa sampuli, tuseme tulichokikuta, kwa yule anayeweza kukirekebisha, kwa maneno yenye heshima na yasiyopita ujuzi wetu. Waswahili wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kati ya chema na kibaya kuna kingi ambacho bado kinaweza kutengenezwa, na hicho hakiwezi kujisemea. Wanasema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo huwa tunaisoma kwa upande wa furaha na chakula kinachoongezeka mgeni anapofika. Naona tunaweza kuisoma kwa upande huu vilevile: mgeni huja na ulimi ambao haujazoea pipa la nyumba ile, na kwa huo anaweza kumwambia mwenyeji kitu ambacho wa nyumbani hawakisikii tena.